Bukavu Inatuma Nini?

Bukavu haijawahi kuwa na reli. Ninalisema mapema, juu kila mara nikisimulia habari hii kuna mujuaji mumoja ananyoosha kidole: "Lakini maman, reli gani hiyo? Bukavu hakuna reli!" Najua, bwana. Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na macho yangu iko mazima. Zamani, mbele ya uhuru, kulikuwa reli ndogo iliyotoka Uvira, ikapita bonde la Ruzizi, ikafika Kamanyola, ikaangalia milima yetu, ikachoka. Haikupanda. Halafu ikafungwa, na wazee wakabaki na hadithi. Lakini mimi nimeona treni ikiingia Bukavu, na nimeiona ikitoka Bukavu na muzigo. Karatasi zake niliziandika mimi, kwa mikono hii.

Papa yangu alikuwa shefu wa gare, musimamizi wa stesheni ya treni. Alianza ukarani akiwa kijana sana pale Kamanyola, kwenye reli ile ndogo, katika siku zake za mwisho. Kisha akapelekwa Kalemie na gare zingine za kule, mpaka alipopata pensheni akarudi Bukavu kwa maman, ambaye ni Mushi wa Kalehe na hakupenda kamwe kukaa mbali na ziwa lake. Mutu asiyejua reli anafikiri mukubwa wa treni ni yule anayeiendesha. Hapana! Treni inaenda pale karatasi inasema. Papa hakuendesha treni hata siku moja. Yeye alitoa ruhusa. Bila saini yake, treni ndefu kama mutaa muzima ilikaa pale inapumua tu, na dereva wake anatafuna karanga.

Vita ya kwanza ilipita juu yetu, tukainama, tukainuka. Ya pili ilipoanza, barabara zikafungwa, Kinshasa ikawa inchi ingine, na habari za reli zikatufikia vipande vipande: daraja limevunjwa, vagoni zimechomwa, gare fulani imekuwa kambi ya waaskari. Papa alisikiliza radio kila siku. Siku moja akaizima, akaingia chumbani, akalala akiangalia ukuta. Hakuamka tena. Sisemi hakuamka asubuhi ile. Nasema aliacha kuamka. Alienda choo, akarudi kitandani. Bugali ilirudi jikoni na alama ya vidole tu. Docteur alikuja akamupima, akasema damu iko muzuri, mapafu iko muzuri, moyo iko muzuri.

"Kama yote iko muzuri," maman akamuuliza, "juu ya nini anakufa?"

Docteur akafunga mukoba wake. Watu wa maombi wakaja na mafuta yao, shangazi akanongona mambo ya ulozi, kila mutu na dawa yake. Mimi nilikuwa na hasira. Ndiyo, hasira! Papa yangu alikuwa amepita mabarriere ya waaskari wa kila rangi, amelala porini, amevuka mito na valizi kichwani, halafu aje kuuawa na ukuta wa chumba chake mwenyewe, ukuta ambao tuliupaka chokaa sisi? Niliapa mbele ya maman kwamba hatakufa hivyo mimi nikiangalia.

Lakini kuapa ni kazi rahisi. Aliyepata akili alikuwa mutu mwingine, rafiki ya papa, muzee aliyekuwa dereva wa treni kule Kalemie. Mimi nilimuita tonton dereva, kama baba mudogo. Alikuja kumusalimia papa, akakaa kando ya kitanda, akaongea peke yake mpaka mate ikamukauka. Alipotoka nje alisimama mbele ya garage yetu akaiangalia sana.

Garage ilikuwa tupu. Wenye bunduki walikuwa wamekuja asubuhi moja kuomba gari yetu, kwa ile namna yao ya kuomba. Lakini Bukavu nzima ilishajifunza: jioni unatoa batri, unaiingiza nyumbani, unaifunika na pagne. Basi waliisukuma gari wenyewe, na jasho lao, na matusi yao, na batri ikabaki chini ya kitanda cha maman. Tulicheka wiki nzima, kwa sauti ya chini.

"Shefu iko na kiu ya treni," tonton dereva akaniambia. "Batri muko nayo. Fasi muko nayo, garage hii. Tumutengenezee yake."

Akamuita jirani yetu seremala, na wazee hao wawili wakaanza. Reli zilitoka kwa ile mikanda ya chuma inayofunga makasha. Vagoni zilikatwa kwa mikebe ya mafuta ya musaada, ile mikubwa, kwa hiyo zingine zilikuwa bado na maandishi ya kusema hii haiuzwi. Kichwa cha treni kilipata motere ya kupangusa kioo cha gari. Kamanyola iliwekwa karibu na mulango, juu ya benchi la shule. Kutoka pale reli ilipanda juu ya mbao mpaka Bukavu, kwenye meza ya tonton seremala, halafu ikaenda Kalehe, kwa ukuta wa nyuma, juu ya meza ya maman ya kupigia pasi. Maman alipiga kelele siku mbili juu ya meza yake, halafu akanyamaza, akaleta kitambaa cha bluu kiwe ziwa.

Treni ilipokuwa tayari, tulimuinua papa, mumoja mukono huu, mumoja mukono ule. Tukamukalisha kwenye kiti. Tonton dereva akashikanisha waya, akapiga honi kwa mudomo, na treni ikatoka Kamanyola ikitetemeka, ikapanda, ikapita Bukavu, ikaenda kugusa Kalehe, ikarudi. Tonton seremala alikuwa anacheka kama aliyeshinda tombola. Papa akaangalia. Ikaenda tena, ikarudi tena. Papa akakohoa.

"Ile vagoni ya pili inabeba nini?"

"Eh, shefu?"

"Ya pili. Inabeba nini? Inaenda kwa nani? Karatasi yake iko wapi?"

Wazee wakaangaliana. "Lakini shefu," tonton dereva akasema, "ni treni tu, ya kutufurahisha."

"Treni bila karatasi," papa akasema polepole, "ni muchezo ya batoto. Munirudishe kwa kitanda."

Tukamurudisha. Tonton seremala akakaa chini kwenye mavumbi akashika kichwa, na tonton dereva akaanza kufungua waya. Mimi nilikuwa karibu kucheza rumba katikati ya garage.

"Munalia nini?" nikawaambia. "Hamukusikia? Ametuuliza maswali! Ametukana! Mutu anayekufa hatukani. Anataka karatasi, basi apewe karatasi!"

Na karatasi, jamani, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa dactylo, mupiga mashini. Biro yetu ilikuwa imefungwa tangu vita, shefu wetu alikimbilia ng'ambo, lakini mashini ya kuandika ilikuwa yangu mwenyewe, zawadi ya papa nilipomaliza masomo. Watu wengine wanajua kupika, wengine wanajua kuimba. Mimi ninajua kufanya karatasi ionekane kama biro nzima imesimama nyuma yake.

Nikamukalisha tonton dereva kwenye kiti, nikamuhoji kama askari wa barriere. Wewe ukiwa ndani ya treni, unapewa nini? Akanieleza: kwanza horaire, inayosema treni gani inatoka saa ngapi na inapishana na ingine wapi. Halafu ruhusa ya kuondoka, ya shefu wa gare. Halafu kila vagoni iko na barua yake, inayosema imebeba nini, imetoka wapi, inaenda wapi, kwa nani. Nikaziandika zote. Jirani yetu mwalimu alitupa mitihani ya zamani, tukatumia upande wa nyuma. Kwa hiyo barua ya vagoni ya chumvi, ukiigeuza, unakuta mutoto fulani amepata sifuri ya jiografia, ameweka Ruzizi inapita Kisangani.

Ilibaki kashe, muhuri wa gare. Kwetu karatasi bila kashe haiko karatasi. Unaweza kuleta barua kutoka kwa Papa wa Roma mwenyewe, karani ataigeuza mbele na nyuma, kisha atakuuliza kwa huruma: "Na kashe?" Tonton seremala akachukua soli ya kambambili iliyokatika, akachonga kwa kisu kidogo: GARE YA BUKAVU, na duara kuizunguka. Alifanya kazi safi sana. Nikaijaribu kwenye mukono wangu, na sikunawa mukono huo mpaka jioni.

Kesho yake niliingia chumbani kwa papa. Sikumubembeleza, sikumuuliza kama amelala muzuri. Niliweka furushi juu ya blanketi yake, nikaweka kalamu juu ya furushi, nikasema kama nilivyokuwa ninasema kwa biro: "Papa, kuna barua za kusinye."

Akabaki na ukuta wake. Nikangoja. Nilisikia maman amesimama nyuma yangu mulangoni na bakuli la sombe, hapumui. Mukono wa papa ukatoka chini ya blanketi, ukatafuta, ukashika karatasi ya juu. Akaisoma. Akachukua ya pili. Akageuka, polepole, mpaka mugongo wake ukawa ndio unaangalia ukuta.

"Treni ya kupanda na treni ya kushuka zinapishana wapi?"

"Sikuandika, papa."

"Hukuandika. Zitagongana." Akachukua ingine. "Nani alikufundisha hii?"

"Tonton dereva."

"Yule?" Papa akakaa. "Yule anajua kupokea karatasi. Kuzifanya anajua wapi? Nipe shemisi yangu."

Maman aliweka sombe chini, palepale kwenye sakafu, akafanya alama ya musalaba.

Siku ya posho, jumamosi yetu, mchana tulianza kazi. Papa alikaa Bukavu, shemisi imefungwa mpaka kifungo cha shingo, kashe kulia, kalamu kushoto. Tonton seremala alikuwa shefu wa Kamanyola, mimi shefu wa Kalehe, na tonton dereva alishika waya za batri. Kila treni ilipofika, papa alisoma barua za vagoni moja kwa moja, akapiga kashe, akasema: "Imepokelewa." Chumvi imepokelewa. Samaki ya Uvira, imepokelewa. Muchele ya Kamanyola, simenti, sabuni, mafuta ya mawese, unga. Sauti yake ilikuwa inapanda. Nilikuwa ninamuangalia kutoka Kalehe, na moyo wangu ulikuwa unaruka.

Halafu kila kitu kikasimama. Meza ya Bukavu ilikuwa imejaa. Vagoni zilikuwa zimebanana pale, hakuna njia ya kuingia wala kutoka, na kule mulangoni tonton seremala alikuwa ameketi mikono mitupu.

"Shefu," akaita, "huku Kamanyola hakuna hata vagoni moja. Nitume nini?"

Papa akakusanya barua zangu zote. Akazisoma tena, na nilimuona mishipa ya shingo inasimama.

"Inaenda Bukavu," akasoma. "Inaenda Bukavu. Inaenda Bukavu. Hii, Bukavu. Hii pia, Bukavu." Akazitupa mezani. "Yote inakuja Bukavu! Na Bukavu inatuma nini?"

Tonton dereva akajifanya anachunguza waya zake.

"Ninauliza! Bukavu inatuma nini? Siye ni waombaji?"

Aisee, iliniingia kama muiba. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika njaa yetu, barua kwa barua, na sikujua. Tangu vita tulikuwa tunaangalia barabara na kuangalia juu: kamio itakuja? Ndege itakuja? Musaada utakuja? Nilipokaa mbele ya mashini na kujiuliza treni italeta nini, vidole vyangu viliandika yote tuliyokosa. Kwamba sisi pia tuko na kitu cha kupeleka kwa wengine, hilo halikunipitia kichwani hata dakika moja. Mimi, mutoto wa shefu wa gare!

"Na vidange?" papa alikuwa anaendelea, amesimama sasa. Vidange, kwa asiye wa kwetu, ni chupa tupu. Congo nzima hakuna atakayekuuzia bière kama hukurudisha chupa. "Hata mama anayeuza bière kwa kona ya Nguba anajua: bila vidange hakuna chupa kamili! Vagoni ikifika imejaa, inashushwa, inarudi. Haina cha kubeba? Inarudi tupu, na karatasi inayosema iko tupu! Nani amewaambia vagoni inazaliwa Kamanyola kila asubuhi?"

Akatoka garage, akaingia nyumbani. Mulango wa chumba ukalia. Tonton dereva akaachia waya. Maman, aliyekuwa amekaa kando ya ziwa lake la kitambaa, akaita Mungu chini chini, "Nyamuzinda," akafunika uso na mikono. Mimi nilijiambia basi, imekwisha, amerudi kwa ukuta, na ni karatasi zangu zimemurudisha.

Mulango ukalia tena. Papa akatokea na mashini yangu ya kuandika kifuani, anahema, mutu ambaye wiki nzima hakuinua kijiko. Akaiweka mbele yangu, pum!

"Kaa," akasema. "Andika."

Tuliandika mpaka giza likaingia. Na kelele gani! Bukavu inatuma nini? Kila mutu alikuwa na jibu, na kila mutu alitaka lake liwe la kwanza. Bière, hiyo bila mashindano. Chai. Kahawa. Maganda ya quinquina, yale yanayotoa dawa ya malaria. Mbao, akasema tonton seremala, na akataka vagoni mbili. Viazi, maharagi, kabichi, matofali. "Sambaza, samaki ya ziwa!" maman akapiga kelele, "au ziwa langu mumeliweka hapo la mapambo?" Majirani wakasikia, wakaanza kutupa majibu yao juu ya ukuta wa lupango. Mumoja akasema dhahabu, ile ya Luhwindja. Papa akakataa palepale.

"Dhahabu haipandi treni yangu. Inaleta watu na bunduki zao. Viazi haijawahi kuua mutu."

Jirani mwalimu akauliza kama Bukavu haiwezi kutuma walimu. Papa akafikiri kwa heshima. "Hiyo ni treni ya abiria," akamuambia. "Tutaona."

Lakini ile shida ya vagoni kurudi, jibu lake nililipata mimi, na sitamuachia mutu sifa hiyo. Nilichukua karatasi moja, nikaikunja mara mbili, ikawa na nyuso ine. Uso wa kwanza: bière, kutoka Bukavu, kwenda Kamanyola. Uso wa pili: vidange, kutoka Kamanyola, kurudi Bukavu. Uso wa tatu: chai, kutoka Bukavu, kwenda Kalehe. Uso wa ine: tupu, kutoka Kalehe, kurudi Bukavu. Kila vagoni nikaipa bahasha yake, nimeikata dirisha mbele, na karatasi yake ndani, uso mumoja tu unaonekana. Muzigo ukishafika na kupigwa kashe, unageuza karatasi, na vagoni tayari iko na safari mupya. Haibaki mahali popote inazubaa. Haichoki. Ikimaliza uso wa ine inaanza tena.

Papa aliigeuza mukononi. Akaigeuza tena. Akatafuta kosa, nilimuona anatafuta. Halafu akasema neno moja: "Correct."

Wewe hujafanya kazi chini ya papa, hujui uzito wa neno hilo. Kule Kalemie, tonton dereva aliniambia, kuna watu walifika pensheni bila kulisikia. Nililala nalo kama mutu aliyepewa shamba.

Basi kila siku ya posho, Bukavu ilipokea na Bukavu ilituma. Papa aliamka siku zote zingine kutayarisha siku hiyo. Alibadilisha horaire, alimukemea tonton seremala juu ya mwandiko wake, akadai amuchongee kashe ya Kalehe, akasema ile ya Bukavu ilikuwa na duara pana sana. Alikula amesimama, kwa haraka, juu eti kazi ni nyingi. Maman alikuwa anapita na sahani nyuma yake na kunung'unika kwamba sasa amepata mume wa kusumbua, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Halafu watu wakaanza kuomba vagoni. Wa kwanza alikuwa maman mwenyewe. Tangu barabara ya Kalehe ifungwe hakuwa na habari ya dada yake. Alikuja karibu na mashini yangu, anajifanya anapangusa meza. "Andika vagoni moja ya maharagi," akasema, "kwa dada yangu." Nikaandika, na jina la dada, na la kijiji chake. Akashona kamufuko kadogo kama kidole gumba, akajaza maharagi ya kweli, akakafunga. Papa akaisoma barua hiyo kama zote, akapiga kashe, akatoa ruhusa. Treni ilipofika kwangu, maman alikuwa ameshasimama pale. Nikashusha kamufuko, nikasema: "Imepokelewa." Alilia, halafu akanigombeza juu nimeweka maharagi ya watu karibu na simenti.

Baada yake akaja mama jirani, asiyejua kama kijana wake wa Uvira iko hai: vagoni ya viazi. Mwalimu akatuma vitabu Kamanyola. Papa hakukataa mutu, lakini hakumupunguzia mutu pia. Jina la mwenye kupokea halipo? Muzigo hauendi. Mwenye kutuma hakusinye? Muzigo hauendi. Na watu walifurahi kukaziwa hivyo, nakuambia! Kwa barriere zote za muji karatasi zetu zilikuwa za kutunyang'anya kitu. Hapa mutu aligombezwa juu ya saini, kisha muzigo wake ukaenda.

Siku moja ya posho garage ilijaa mpaka inje. Tulikuwa na treni ndefu kuliko zote, ya kutoka Bukavu kushuka Kamanyola: bière mbele, chai, quinquina, mbao za tonton seremala, viazi vya mama jirani, na sambaza nyuma kabisa juu ya harufu. Papa alikuwa ameshashika kalamu. Ndipo masasi ya bunduki ikalia upande wa Kadutu, kwanza moja moja, halafu kama mahindi kwenye sufuria, na ikakaribia.

Sisi wote chini. Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Tulikuwa na mazoezi. Mashavu kwenye simenti, mikono juu ya vichwa, mama jirani anasali kwa lugha ya Mashi karibu na sikio langu. Papa alikuwa chini ya meza ya Bukavu. Niliona viatu vyake tu, na niliogopa. Masasi sikuiogopa vile; tulishaizoea, Mungu atusamehe. Niliogopa viatu vile. Nilijiambia: huyu akirudi kitandani leo, sina karatasi ingine ya kumutoa.

Ikalia sana, kisha ikahama, ikashuka chini ya muji, ikabaki mbali. Hakuna aliyejitikisa.

"Shefu," tonton dereva akasema, shavu bado chini, "nafikiri treni ya leo tuifute."

Viatu vikasogea. Papa akatoka chini ya meza, goti moja, goti la pili, akashika ukingo, akasimama. Akapangusa shemisi. Akaangalia saa yake, halafu horaire, halafu saa tena, na akakunja uso, si uso wa mutu aliyeogopa, uso wa mutu aliyechelewa.

"Mama," akaniita, "weka karatasi kwenye mashini."

"Karatasi gani, papa?"

"Ya retard. Hatuna. Hatujawahi kuchelewa."

Nikaenda kwenye mashini nimeinama, nikaingiza karatasi. Herufi zilisikika kubwa katika garage ile. Gare: Bukavu. Treni: ya kushuka Kamanyola. Sababu ya kuchelewa. Hapo nikasimama.

"Niandike vita?"

Papa akafikiri. "Vita ni neno kubwa sana kwa mustari mudogo hivyo. Andika: masasi. Wafanyakazi walilala chini."

Nikaandika.

"Na hapa chini, papa? Niandike imefutwa?"

Aliniangalia kama niliyemutusi mama yake.

"Imefutwa na nani?" akasema, na sauti yake ilijaa garage nzima, ile ya zamani, ya kwenye gare. "Imechelewa. Andika vile: imechelewa. Treni inayochelewa inaondoka."

Akatia saini yake yote, ndefu, na mikia yake miwili. Akapiga kashe. Akainua mukono. Tonton dereva, tumbo bado kwenye simenti, akanyoosha mikono akashikanisha waya, na treni ikatoka Bukavu, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaanza kushuka milima. Watu wakainuka mumoja mumoja na mavumbi kwenye nguo, wakaisindikiza na makofi, na mimi nililia mbele ya wote bila kuficha uso. Treni ya Bukavu ilikuwa imeondoka, na ilikuwa imejaa.